Lami Moja, Miendo Mitatu: Barabara ya Pwani kati ya Mtwapa na Malindi

Barabara inayotoka Mombasa kwenda Malindi, ambayo kwa miaka mingi ilitambulika rasmi kwa alama ya B8 na ambayo sasa imepandishwa daraja na kuitwa A7, hubeba kazi mbili ambazo hazikai pamoja kwa usalama. Kwa upande mmoja ni njia kuu ya taifa, inayopitisha mabasi ya Lamu na Tana River, malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, magari ya wageni wa Watamu na Malindi, na matatu zinazokimbizana na saa kati ya mji na mji. Kwa upande wa pili ni njia ya mtaa kwa vijiji na vituo vya biashara vilivyojipanga kandokando yake, kuanzia Shariani na Vipingo, kupitia Mnarani, Kibaoni, Tezo na Matsangoni, hadi Mida, Gede na Msabaha. Na ni juu ya lami hiyohiyo, au hatua moja tu kutoka kwayo, ndipo mwanafunzi hupita kwenda shule, mama hurudi na kuni kichwani, na mwenye baiskeli huteremsha madumu ya maji au mnazi wa kuuza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari inayowakabili watu wa barabara hii hutokana zaidi na kugongana kwa kazi hizi mbili kuliko na ubaya wa tabia za madereva au uzembe wa wapita njia, na kwamba mafunzo ya adabu za barabarani, ingawa yana thamani yake, hayawezi kuziba pengo lililoachwa na umbo la barabara yenyewe.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, kila gari lililokwenda kaskazini lililazimika kusimama na kusubiri feri ya kuvuka hori la Kilifi, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi, na usumbufu huo, ambao hakuna mkazi wa wakati ule angetamani urudi, ulikuwa pia breki ya lazima katikati ya safari. Daraja liliondoa breki hiyo bila kitu kingine cha kupunguza mwendo kuwekwa mahali pake. Kisha, mwaka 2008, serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo zisizofika sentimita za ujazo 250, na katika muda wa miaka michache bodaboda zikaenea hadi vijijini ambako matatu hazikuwa zikifika. Kwa hiyo barabara iliyokuwa na miendo miwili, wa gari na wa mguu, ikawa na mwendo wa tatu ulio katikati: pikipiki, tuktuk na baiskeli yenye mzigo, vyombo ambavyo ni vya haraka mno kuchanganyika na watu wa miguu na vya polepole mno kwenda sambamba na basi.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ambayo wengi huitambua kwa kifupi chake NTSA, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024, na kwamba watembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote, wakiwa zaidi ya thuluthi moja ya waliokufa, huku waendesha pikipiki na abiria wao wakifuata. Ulimwenguni, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ni vya wale ambao wataalamu huwaita watumiaji walio wazi wa barabara, maana yake watu wasiokingwa na bodi la chuma wala mkanda wa kiti: watembeaji, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Katika nchi ambako wengi wa wanaosafiri hawana gari, kundi hilo ndilo umma wenyewe. Haifai kulizungumzia kana kwamba ni wageni waliojipenyeza katika mali ya wengine.

Ili kuelewa kwa nini mwendo unatawala mambo mengine yote, ni vyema kufuata hesabu ya umbali wa kusimama, ambao ni jumla ya sehemu mbili: umbali ambao gari huenda tangu dereva aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki, na umbali ambao gari huendelea kuteleza hadi litulie kabisa. Dereva mwangalifu akihitaji sekunde moja kuitikia, na lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa litasimama baada ya mita 28 hivi. Linalokwenda kilomita 80 kwa saa litahitaji takriban mita 57. Tofauti ya kilomita 30 tu katika mwendo huongeza umbali wa kusimama maradufu, kwa sababu nishati inayopaswa kumalizwa na breki haikui sawasawa na mwendo bali hukua kwa mraba wake. Hesabu hiyo ina upande mwingine unaopaswa kumtisha kila anayeshika usukani. Ikiwa mtoto ataingia barabarani mita 28 mbele ya magari hayo mawili, la kwanza litasimama mbele yake bila kumgusa, na la pili, ambalo dereva wake ameitikia kwa wepesi uleule na kukanyaga breki kwa nguvu ileile, litafika alipo mtoto likiwa bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mwili wa binadamu hauvumilii pigo la namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembeaji anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 tu.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya miji na vituo vya biashara, na magari ya abiria na ya mizigo yamewekewa kikomo cha kilomita 80 hata nje ya miji, kikomo ambacho kanuni zilizosimamiwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004 zilikitilia nguvu kwa kulazimisha vidhibiti mwendo. Kwenye karatasi, basi, dereva anayepita Matsangoni au Gede anajua la kufanya. Tatizo ni kwamba barabara inamwambia jambo jingine. Kati ya Mida na Gede lami hupita ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mahali ambapo upande mmoja hakuna nyumba, hakuna duka, wala hakuna mtu wa kumkatiza. Jicho huzoea mwendo huo, na baada ya dakika kadhaa za kilomita 90 au 100, dereva anayepunguza hadi 70 huhisi kana kwamba anatambaa. Wanasaikolojia wa usafiri huiita hali hii kuzoea mwendo, na maana yake ni kwamba hisia ya dereva kuhusu kasi yake hupotoshwa na kasi aliyotoka nayo. Anaingia Gede, penye njia panda ya Watamu, penye bodaboda zinazopinda na watalii wanaoshuka kwenye matatu, akiamini kwa dhati kwamba amekwisha kupunguza mwendo.

Bango la 50 haliwezi peke yake kusahihisha hisia hiyo. Kinachoweza kuisahihisha ni mlango wa kijiji unaoonekana na kuhisiwa: lami inayobadilika rangi au kubanwa kidogo, mistari ya kutetemesha tairi inayowekwa mapema ili dereva asishtukie, kisha kivuko cha milia kilichoinuliwa juu ya tuta pana na lenye mteremko wa taratibu, ambalo gari hulipita salama kwa kilomita 30 na haliwezi kulipita kwa 80. Matuta yanayopatikana sasa kwenye barabara nyingi za Kenya mara nyingi hukosa sifa hizo. Baadhi hujengwa na wakazi wenyewe kwa mawe na udongo baada ya msiba, bila rangi wala alama, nayo huwa hatari mpya kwa mwendesha pikipiki wa usiku. Hata hivyo kitendo cha wakazi kujenga tuta kinapaswa kusomwa kwa heshima, kwa kuwa kinaonyesha mahali hasa ambapo barabara imeshindwa.

Sehemu ya barabara inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni bega lake, yaani ukanda mwembamba ulio kati ya mwisho wa lami na mtaro au shamba. Ardhi ya pwani hii kwa sehemu kubwa ni mchanga, na upande wa Malindi na Magarini ni mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wameupa jina la Magarini yenyewe. Mchanga hubeba mguu wa mtu vizuri lakini haubebi tairi jembamba la baiskeli, sembuse baiskeli iliyofungwa madumu manne ya maji au gunia la makaa. Gurudumu huzama na mwendeshaji huanguka. Kwa sababu hiyo mwenye baiskeli wa Tezo au Ngerenya hukaa juu ya lami kwa lazima, si kwa ukaidi kama madereva wengi wanavyodhani. Pale ambapo mvua za masika zimekula ukingo, lami huachana na udongo kwa kimo cha shubiri nzima, na baiskeli inayosukumwa nje na honi ya basi haiteremki tu, bali huporomoka, na mara nyingi huporomokea upande wa barabara badala ya upande wa shamba, kwa kuwa gurudumu la mbele hukwama kwenye ukingo na mwili hutupwa kulia. Ajali ya namna hiyo ikiandikwa kwamba mwendesha baiskeli alipoteza mwelekeo, maandishi hayo yatakuwa ya kweli, lakini ukingo uliomwangusha utabaki vilevile ukimsubiri mwingine.

Dawa ya jambo hili inajulikana, na haihitaji fedha za daraja. Bega lenye upana wa mita moja na nusu, lililoshindiliwa kwa kifusi na kupakwa lami nyepesi, likiwa kimo kimoja na barabara, lingewatoa waendesha baiskeli wengi kwenye njia ya magari kwa hiari yao wenyewe, kwa sababu hakuna anayependa kusikia upepo wa basi sikioni. Sharti moja ni kwamba bega hilo lisiachwe ligeuke kituo cha matatu au njia ya pili ya kupitia wenye haraka. Na hapo ndipo linapohitaji kutengwa kwa mistari minene au vizuizi vifupi, hasa karibu na vituo vya biashara. Ubovu wa bega huondoka kwa ukarabati wa kawaida wa kila mwaka, ambao ni wajibu wa Mamlaka ya Barabara Kuu za Kenya, KeNHA, na si jambo la kungojea mradi mkubwa.

Giza nalo lina nafasi yake katika maelezo haya. Malindi iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na hivyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni mwaka mzima, kisha machweo hupita upesi, kwa muda wa dakika ishirini au zaidi kidogo, na usiku huwa umeingia kamili. Muda huo ndio ule ambao vibarua hurudi kutoka mashamba ya mkonge ya Vipingo, wachuuzi hufunga sokoni, waumini huelekea msikitini kwa sala ya magharibi, na mabasi ya jioni hukaza mwendo. Taa ya kawaida ya gari, ile iliyoinamishwa, humulika mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa umbali wa mita thelathini au arubaini hivi, umbali ambao, kwa hesabu iliyokwisha kutolewa, hautoshi kwa anayekwenda kilomita 80. Kwa hiyo dereva anayekwenda 80 usiku kwa taa zilizoinamishwa anaendesha kwa imani kwamba hakuna mtu mbele yake, na katika barabara hii imani hiyo haina msingi. Akiwasha taa kali kumkabili mwenzake, humpofusha kwa sekunde kadhaa, na anayepotea ndani ya upofu huo ni mtu wa kando. Kiakisi mwanga cha bei ndogo kilichofungwa nyuma ya baiskeli, kwenye kanyagio, au kwenye mkoba wa mwanafunzi huongeza umbali wa kuonekana mara kadhaa, na pengine hakuna kitu kingine ambacho mtumiaji aliye wazi anaweza kujifanyia mwenyewe chenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho. Sheria inamtaka mwenye baiskeli awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na inamtaka mwenye bodaboda avae na ampe abiria wake, ambaye ni mmoja tu, helmeti na koti linaloakisi mwanga. Ukweli kwamba masharti haya hupuuzwa mchana na usiku ni udhaifu ambao vyama vya waendesha bodaboda vina uwezo wa kuurekebisha kuliko polisi.

Adabu ya kushiriki barabara inapaswa kufundishwa kwa vipimo, kwa kuwa maneno kama kuwa mwangalifu hayampi mtu la kutenda. Dereva anayempita mwenye baiskeli anapaswa kuacha nafasi ya mita moja na nusu, kipimo ambacho Ufaransa, kwa mfano, imekiweka katika sheria kwa barabara za nje ya miji. Na kama gari linakuja kutoka mbele na nafasi hiyo haipo, wajibu wake ni kukaa nyuma hadi ipatikane, hata kama ni kwa nusu dakika. Mtembeaji asiye na njia yake anapaswa kutembea upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu naye yaje kutoka mbele na si mgongoni. Anayeshuka kwenye matatu asivuke mbele ya matatu hiyo, kwa kuwa mwili wa gari humficha kwa anayekuja nyuma; asubiri iondoke. Mwenye bodaboda asiitumie njia ya upande usio wake kwa kisingizio cha kukata safari fupi, kosa ambalo katika Barabara ya Lamu mjini Malindi limekuwa la kila saa. Mjini humo mwendo ni mdogo na majeraha mengi si ya kuua, lakini tuktuk zinazosimama popote na bidhaa zilizopangwa juu ya njia za miguu huwasukuma wazee na walemavu katikati ya magari, na kwa jambo hilo lawama inaielekea manispaa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Upanuzi wa barabara unaoendelea kusini mwa Kilifi umefanya mjadala huu kuwa wa haraka. Kipande cha Mombasa hadi Mtwapa, chenye urefu wa kilomita 13.5, na kile cha Mtwapa hadi Kilifi kupitia Kwa Kadzengo, chenye kilomita 40.4, ni sehemu ya ushoroba wa pwani ya Afrika Mashariki unaokusudiwa kuunganisha Bagamoyo na Malindi kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Umoja wa Ulaya. Faida zake kwa biashara na utalii haziwezi kubezwa, na kutenganisha magari yanayokwenda na yanayokuja hupunguza sana ajali za ana kwa ana, ambazo zimeua watu wengi mno katika barabara hii. Lakini barabara pana huvuta mwendo mkubwa, na Kenya imekwisha kulipa ada ya somo hilo: Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilianza kutumika kabla vivuko vyake vyote vya juu kukamilika, na hata vilipokamilika, wengi waliendelea kuvuka chini kwa miguu. Wanaowalaumu wavukaji hao husahau kwamba daraja la miguu humtaka mzee mwenye mzigo apande ngazi kadhaa na kuzunguka mita mia mbili au tatu ili gari lisipunguze mwendo. Pale penye watu wengi wanaovuka wakati wote, kama mbele ya Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi au kituoni Kibaoni, kivuko cha kwenye lami chenye taa, kilichoinuliwa juu ya tuta, na chenye kisiwa cha katikati ambapo mtu husimama salama baada ya kumaliza nusu ya safari yake, kinafaa zaidi kuliko daraja lisilotumiwa.

Si lazima mifano itafutwe mbali. Mjini Nairobi, mpango wa kushiriki barabara ulioanzishwa mwaka 2008 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ulichangia kuijenga upya United Nations Avenue ikiwa na njia za miguu na za baiskeli zilizotengwa, na mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini. Dar es Salaam ilikwenda mbele zaidi kwa njia za unyenyekevu: shirika la Amend lilizichunguza shule zilizokuwa zikiumizwa zaidi na barabara, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na milango mipya ya shule iliyo mbali na magari, na utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazijafikiwa ukaonyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo. Mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulishinda mwaka 2019 tuzo ya WRI Ross ya miji iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Kinachovutia ni udogo wa vitu vilivyotumika, kwani hakuna hata kimoja ambacho kaunti ya Kilifi ingeshindwa kukilipia katika shule zake zilizo kando ya A7.

Lakini kaunti haimiliki A7. Chini ya mgawanyo wa majukumu uliowekwa na Katiba ya 2010, barabara kuu za taifa ni za serikali kuu kupitia KeNHA, ilhali barabara za kaunti, masoko, na upangaji wa miji ni vya kaunti. Matokeo yake ni kwamba kaunti huweza kuidhinisha soko au stendi ukingoni mwa lami ambayo haina mamlaka ya kuiwekea kivuko, na KeNHA huweza kujenga lami ya kasi mbele ya soko ambalo halikumo katika michoro yake. Katika pengo hilo ndimo watembeaji hufia. Makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo mbili, yanayosema kwamba hakuna kituo cha biashara, shule au stendi itakayoruhusiwa kando ya barabara kuu bila mchoro wa kivuko na njia ya miguu kuambatanishwa na bajeti yake kutajwa, yangefanya kazi kubwa kuliko kampeni nyingi za mabango.

Kipande cha Kilifi hadi Malindi bado ni cha njia moja kila upande, na kabla ya mradi wowote mkubwa kukifikia, sheria ya mazingira na Katiba zinataka wananchi washirikishwe. Ushirikishwaji huo hufaa tu ukiwafikia wanaoitumia barabara kwa miguu na kwa baiskeli. Mabaraza mengi hufanywa asubuhi ya siku za kazi, wakati ambapo wanafunzi wako darasani, wauza maji wako njiani, na wavuvi wa Mida na Takaungu wako baharini au wamelala baada ya usiku wa kazi. Wanaobaki kusikilizwa ni wenye viwanja kando ya barabara, ambao swali lao kubwa, na lina haki yake, ni fidia. Mikutano ikifanywa alasiri kwenye steji na kwenye milango ya shule, walimu wakuu, wenyeviti wa bodaboda na wachuuzi wangeweza kuwaonyesha wahandisi kwa kidole, kabla ya kalamu kugusa mchoro, ni wapi hasa watu huvukia na ni ukingo upi umekwisha kuwaangusha.